Aga Khan III: Imamu aliyetaka Tanganyika iwe nchi ya Wahindi

JINA la Aga Khan limezoeleka masikioni mwa Watanzania. Wapo waliosoma katika shule zenye jina hilo na wapo waliotibiwa katika hospitali zake. Wakazi wa Dar es Salaam nao huhudhuria harusi, maonesho na mikutano katika Ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga, ambao jina lake linatokana na sherehe ya kiongozi huyo.

Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kuwa mwaka 1918 Sultan Muhammad Shah, Aga Khan wa Tatu, aliandika kitabu ambacho ndani yake alipendekeza nchi hii, iliyokuwa ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, itengwe kwa ajili ya makazi ya watu kutoka India na iwekwe chini ya serikali ya India.

Endapo pendekezo hilo lingekubaliwa, ramani ya Tanzania tunayoijua leo ingekuwa tofauti. Bonde la Mto Mkondoa pale Kilosa, mashamba ya Kimamba na Rudewa, na mbuga za Mkata zinazonyooka kuelekea Mikumi, vyote vingekuwa sehemu ya koloni la nchi ambayo yenyewe ilikuwa koloni la Uingereza.

Ikumbukwe kwamba katika Kiswahili neno Wahindi hubeba watu wote wenye asili ya India, bila kujali dini zao. Wale wanaofuata dini ya Kihindu waliitwa Mabaniani tangu zamani za Zanzibar. Aga Khan mwenyewe hakuwa Mhindu kwa dini, bali Mwislamu na imamu wa Waismailia. Lakini koloni alilolidai lilikuwa la Wahindi wote: Mabaniani, Waislamu, Makalasinga na wengineo.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani kuliko kitabu chake. Mwaka 1901 Sir Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna Maalumu wa Uingereza nchini Uganda, aliitazama Afrika Mashariki kama nchi itakayokuwa kwa Wahindi kile ambacho Marekani ilikuwa kwa watu wa Ulaya. Aga Khan alilichukua wazo hilo likiwa limeshapikwa na wengine, akaliweka mezani kwa jina lake kubwa.

Mtoto aliyerithi kiti

Sultan Muhammad Shah alizaliwa Karachi Novemba 2, 1877. Ukoo wake ulikuwa umehamia India kutoka Uajemi katika miaka ya 1840, wakati babu yake, Aga Khan wa Kwanza, alipokimbia baada ya kuhitilafiana na utawala wa huko.

Baba yake alifariki Agosti 1885, na mtoto huyo akarithi kiti cha uimamu kabla hajatimiza miaka 8. Malezi yake yalibaki mikononi mwa mama yake, mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, aliyesimamia mali na elimu ya mwanawe kwa mkono imara. Kijana huyo alifunzwa Kiajemi, Kiarabu na Kiingereza, akakua akiwa na mguu mmoja Mashariki na mwingine Magharibi.

Mwaka 1899 alifika Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza. Wafuasi wake wengi, hasa Makhoja waliotoka Kutch na Gujarat, walikuwa wamekwisha kuweka maduka Zanzibar, Bagamoyo na Dar es Salaam. Mmoja wa watu mashuhuri wa jamii hiyo, Sewa Haji Paroo, alikuwa amefariki miaka 2 tu kabla ya ziara hiyo. Utajiri wa Sewa Haji ulitokana na kuzipatia misafara ya bara wapagazi na bidhaa.

Wajerumani walimwangalia imamu huyo kijana kwa jicho la upendeleo, kwa kuwa neno lake lilikuwa na uzito kwa wafanyabiashara waliokuwa uti wa mgongo wa biashara ya rejareja katika koloni lao. Mwaka 1901 Kaisari wa Ujerumani alimtunukia nishani.

Mwaka 1905 aliwapatia Waismailia wa Zanzibar katiba ya kuendesha mambo yao, na katika kipindi hicho hicho shule za jamii yake zikaanza. Mwaka 1906 aliongoza ujumbe wa Waislamu wa India kumwona mwakilishi wa Mfalme wa Uingereza huko Simla, kudai viti vyao wenyewe katika mabaraza. Mwishoni mwa mwaka huo Muslim League ilizaliwa Dhaka, naye akawa rais wake wa kwanza.

Hivyo basi, kabla hajafikisha umri wa miaka 30, Aga Khan alikuwa amekwisha kuwa msemaji wa watu wachache wanaoogopa kumezwa na walio wengi. Suala hilo ndilo lililomfuata maisha yake yote, na ndilo lililomfikisha katika madai yake juu ya Tanganyika.

Kilosa kabla ya pendekezo

Nchi aliyoiombea India haikuwa tupu. Kilosa na viunga vyake ilikuwa ardhi ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Upande wa kusini na mashariki waliishi Waluguru na Wakutu, na wote hao walikuwa na mashamba, makaburi na watawala wao wa jadi.

Njia ya misafara iliyotoka pwani kuelekea Mpwapwa, Tabora na Ujiji ilipita katika nchi hiyo. Pembe za ndovu na watumwa walishuka kwenda Bagamoyo, nguo na shanga zikapanda kwenda bara. Sehemu kubwa ya mitaji iliyoendesha biashara hiyo ilitoka kwa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar na Bagamoyo.

Wajerumani walipokuja, waliifanya Kilosa kuwa makao ya utawala. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipolipuka kusini, moto wake ulifika Kilosa, na Wavidunda walikuwa miongoni mwa waliosimama dhidi ya Wajerumani. Adhabu iliyofuata, ikiwamo kuchomwa kwa chakula na vijiji, iliacha njaa na vifo katika sehemu kubwa ya kusini ya nchi.

Mwaka huo huo wa 1905 ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli yalikuja mashamba makubwa ya mkonge na pamba, na kando ya stesheni yakaota maduka ya Wahindi yaliyouza nguo, chumvi, mafuta ya taa na majembe, na kununua mazao ya wakulima.

Kwa Mwafrika wa Kilosa, Mzungu alikuwa mtawala na mwenye shamba, na Mhindi alikuwa mwenye duka. Idadi ya Wahindi katika koloni zima kabla ya vita haikuzidi sana watu 9,000. Waafrika walikuwa mamilioni.

Damu na ardhi

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Aga Khan alikuwa Afrika Mashariki. Hakusita kuchagua upande. Alijitolea kuitumikia Uingereza na kuwahimiza wafuasi wake wafanye vivyo hivyo, na baadaye akatumia jina lake kuwatuliza Waislamu wa India wakati Uturuki, makao ya Khalifa, ilipojiunga na Ujerumani.

Novemba 1914 kikosi kilichotoka India, chenye askari wapatao 8,000, kilishuka Tanga na kushindwa vibaya na jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Kushindwa huko hakukuwaondoa askari wa India vitani. Waliendelea kupigana katika nchi hii kwa miaka kadhaa, na wengi wamezikwa katika ardhi yake.

Agosti 22, 1916, majeshi yaliyoongozwa na Jenerali Jaap van Deventer wa Afrika Kusini yaliingia Kilosa. Siku 4 baadaye Morogoro ikaanguka, na Septemba 4 Dar es Salaam nayo ikasalimu amri. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea kusini, wakibomoa madaraja ya reli. Nchi iliyo kati ya Kilosa, Mikumi na Mto Ruaha ikawa njia ya majeshi, yenye mvua, mbung'o na malaria.

Katika nchi ya namna hiyo, farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo. Mzigo wa vita ukabebwa na binadamu. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi wa pande zote mbili, wakabeba risasi, unga na majeruhi. Makumi ya maelfu kati yao walikufa, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kumbukumbu ya wapagazi wa Waingereza imebaki katika jina la Kariakoo, lililotokana na kambi ya kikosi chao.

Suala hilo la damu lina umuhimu mkubwa katika kuelewa kilichofuata. Hoja ya kwamba India ilistahili kupewa Tanganyika ilisimama juu ya damu ya askari wake. Lakini kama damu ndiyo iliyokuwa kipimo, wapagazi walikuwa wameilipia nchi hii mara nyingi zaidi, na nchi yenyewe ilikuwa yao.

Pendekezo la 1918

Katika miaka ya mwisho ya vita Aga Khan aliugua kwa muda mrefu na kukaa Uswisi kwa matibabu. Ni katika kipindi hicho alipoandika kitabu chake India in Transition, kilichochapishwa mwaka 1918. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilihusu mustakabali wa India yenyewe, lakini sura moja nzima ilitetea haki ya India juu ya Afrika Mashariki.

Hakuwa peke yake. Sir Theodore Morison, Mwingereza aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha Aligarh ambacho Aga Khan alikuwa mfadhili wake mkubwa, alikuwa ametumika na majeshi ya Uingereza katika nchi hii wakati wa vita. Naye alipigia debe wazo la kuifanya nchi hiyo koloni la India.

Hoja za waliounga mkono mpango huo zilikuwa kadhaa. Kwanza, India ilikuwa imetoa askari na fedha kwa ajili ya Himaya, na ilistahili fungu lake. Pili, Wahindi walikuwa wamefanya biashara na pwani hii kwa karne nyingi kabla ya Mjerumani kutia mguu. Tatu, wakulima wa India waliijua kilimo cha nchi za joto na wangeweza kuistawisha ardhi. Nne, Wahindi walikuwa wakibaguliwa Afrika Kusini na Kenya, hivyo walihitaji mahali katika Himaya ambapo wasingehesabiwa kuwa wageni.

Hoja hiyo ya nne ndiyo iliyokuwa na uchungu wa kweli. Nchini Kenya nyanda za juu zenye rutuba zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya Wazungu. Afrika Kusini sheria zilimbana Mhindi katika makazi, biashara na hata katika kutembea. Watu waliofukuzwa huku na kuzuiwa kule walikuwa na sababu ya kutamani ardhi ambayo wangeiita yao.

Lakini dawa iliyopendekezwa ilikuwa kumhamishia mwingine ugonjwa. Kilio cha Mhindi aliyenyimwa ardhi Kenya kingetulizwa kwa ardhi ya Msagara na Mvidunda, ambao hakuna aliyewauliza. Katika mjadala uliokwenda hadi London na Paris, sauti za Waingereza, Wahindi na walowezi zilisikika. Sauti ya Mwafrika wa Kilosa haikuwamo.

Kilichoizima ndoto

Mpango huo haukufika mbali. Walowezi wa Kizungu wa Kenya, ambao tayari waliwaona Wahindi kama wapinzani wao wakubwa, hawakutaka kusikia habari ya koloni la Wahindi mpakani mwao. Serikali ya Uingereza nayo haikuwa tayari kuachia nchi iliyounganisha makoloni yake ya kaskazini na kusini mwa Afrika.

Upinzani mwingine ulitoka mahali pasipotarajiwa. C. F. Andrews, mchungaji wa Kiingereza na rafiki wa karibu wa Mahatma Gandhi, alitembelea Afrika Mashariki baada ya vita kuchunguza hali ya Wahindi. Alitetea haki zao kwa nguvu zote, lakini hakukubali kwamba India, iliyokuwa ikidai uhuru wake, igeuke kuwa mtawala wa watu wengine.

Mei 1919 wakubwa waliokutana Paris waliamua kuikabidhi Uingereza sehemu kubwa ya koloni hilo. Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji, na pembe ndogo ya Kionga, kusini mwa Mto Ruvuma, ikaenda kwa Wareno. Mwaka 1920 nchi ikapewa jina la Tanganyika, na Julai 1922 Shirikisho la Mataifa likathibitisha masharti ya udhamini wake.

Masharti hayo yalikuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja, raia wa nchi zote wanachama wa Shirikisho walipewa haki sawa ya kuingia, kufanya biashara na kumiliki mali. Kwa kuwa India ilikuwa mwanachama, Mhindi akapata Tanganyika haki ambazo alinyimwa Kenya. Kwa upande mwingine, ardhi ya wenyeji haikuruhusiwa kuhamishiwa kwa wageni bila idhini ya serikali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ikaitangaza ardhi yote kuwa ya umma, chini ya usimamizi wa Gavana.

Julai mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilitoa waraka juu ya Kenya uliotamka kwamba, pale maslahi ya Mwafrika yanapogongana na ya wahamiaji, ya Mwafrika ndiyo yatangulie. Tamko hilo lilivunjwa mara nyingi kwa vitendo, lakini lilifunga mlango wa madai ya koloni la Wahindi.

Kilichobaki ni soko. Mashamba na nyumba zilizotwaliwa kwa Wajerumani ziliuzwa kwa mnada kuanzia mwaka 1921, na Wahindi walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, pamoja na Wagiriki. Sensa ya mwaka huo ilihesabu Wahindi wapatao 10,000 na Waafrika zaidi ya milioni 4. Miaka 10 baadaye Wahindi walikuwa wamepita 20,000. Hawakuja na bendera wala gavana wao, bali na mizani na daftari la mikopo.

Hata hivyo mambo hayakuwa shwari. Mwaka 1923 serikali ilipoleta kodi ya faida na sheria za leseni zilizogusa namna ya kuandika vitabu vya hesabu, ambavyo wafanyabiashara wengi waliviandika kwa Kigujarati, Wahindi wa Tanganyika walifunga maduka yao kwa wiki kadhaa. Nchi nzima ikatambua jinsi ilivyotegemea watu wachache kwa chumvi na kaniki.

Mtawala asiye na nchi

Aga Khan aliendelea kupanda ngazi za dunia. Katika mikutano ya London ya mwaka 1930 hadi 1932 juu ya katiba ya India, alikuwa kiongozi wa wajumbe wa Kiislamu. Mwaka 1937 alichaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu la Shirikisho la Mataifa, chombo kile kile kilichoidhamini Tanganyika kwa Uingereza. Katika mbio za farasi, mchezo alioupenda mno, farasi wake walishinda Derby ya Uingereza mara 5.

Lakini alikuwa mwana wa mfalme asiye na nchi. Waingereza walimpa heshima ya mizinga kama watawala wa majimbo ya India, ingawa hakuwa na hata wilaya moja ya kutawala. Katika miaka ya 1930 aliwaomba wampatie eneo lake mwenyewe huko India, nao wakakataa.

Mwaka 1947 India iligawanywa na Pakistani ikazaliwa kama makao ya Waislamu waliokuwa wachache. Mamia ya maelfu ya watu waliuawa, na mamilioni wakahama. Wale waliokuwa wengi upande mmoja wakajikuta wachache upande wa pili. Mabaniani waliobaki Pakistani ya Mashariki, ambayo mwaka 1971 ilikuwa Bangladesh, waliendelea kukimbilia India, na katika miaka ya 1970 na 1980 baadhi yao wakaanzisha harakati za kudai nchi yao wenyewe iitwayo Bangabhumi. Harakati hizo hazikufanikiwa. Zilionesha tu kwamba kila nchi iliyokatwa kwa ajili ya wachache huzaa wachache wengine ndani yake.

Kauli iliyobadilika

Afrika Mashariki ndiko Aga Khan alikoelekea njia nyingine. Mwaka 1945 mjini Mombasa alianzisha Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa herufi za EAMWS. Aliahidi kuongeza shilingi kwa kila shilingi ambayo Waislamu wengine wangechanga, na kwa fedha hizo misikiti na shule zikajengwa kwa ajili ya Waislamu wa Kiafrika katika miji na vijiji vingi. Jumuiya hiyo ilidumu hadi serikali ya Tanzania ilipoipiga marufuku mwaka 1968, mwaka ambao BAKWATA iliundwa.

Agosti 10, 1946, Dar es Salaam ilishuhudia tukio ambalo wazee walilisimulia kwa miaka mingi. Imamu huyo alipimwa kwa mizani dhidi ya almasi, kuadhimisha miaka 60 ya uimamu wake. Thamani ya almasi hizo ilielekezwa katika ustawi wa wafuasi wake, na katika mwaka huo ikaanzishwa taasisi ya fedha ya kuwakopesha Waismailia wa Afrika Mashariki waweze kujenga nyumba na kuanzisha biashara.

Mwaka 1952 aliwakutanisha viongozi wa Waismailia wa Afrika huko Evian, Ufaransa. Aliwashauri waache kuishi kama wageni wanaosubiri meli ya kurudi. Wanawake waache mavazi ya Kihindi, elimu iwe kwa Kiingereza, na mioyo yao iwe katika nchi wanamoishi. Mtu aliyewahi kuitaka nchi hii iwe ya Wahindi sasa aliwataka Wahindi wawe wa nchi hii.

Mabadiliko hayo hayakumfanya kuwa mpigania uhuru wa Mwafrika. Alikuwa mtu wa Himaya hadi mwisho, na ushauri wake wa Evian ulitazama zaidi desturi za Kizungu kuliko za Kiafrika. Lakini aliuona upepo unakovuma mapema kuliko wengi. TANU ilizaliwa miaka 2 tu baadaye.

Aga Khan wa Tatu alifariki karibu na Geneva, Uswisi, Julai 11, 1957, akiwa na umri wa miaka 79. Alimrithisha kiti mjukuu wake Karim, aliyekuwa na miaka 20 na ambaye aliongoza hadi alipofariki mwaka 2025. Sherehe ya kwanza ya kumsimika Karim ilifanyika Dar es Salaam Oktoba 19, 1957.

Kilosa na Mikumi zilibaki

Uhuru wa Tanganyika ulikuja Desemba 1961. Mwaka 1964 sehemu ya nyika aliyoiombea India ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na leo tembo na twiga wake huonwa na kila abiria wa barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, na mwaka 1971 yakafuata majumba ya kupangisha. Wahindi wengi waliondoka kwenda Uingereza, Kanada na kwingineko. Waliobaki ni Watanzania.

Kilosa imeona bendera ya Mjerumani, ya Mwingereza, ya Tanganyika na ya Tanzania. Imekuwa kituo cha misafara, kisha stesheni ya Reli ya Kati, na tangu mwaka 2024 treni za umeme za reli ya kisasa zinapita hapo kuelekea Dodoma. Ardhi yake imegombewa mara nyingi, na hata baada ya uhuru wakulima na wafugaji wameendelea kuigombea. Bendera ya koloni la India haikuwahi kupandishwa hapo.

Aga Khan mwenyewe alizikwa Aswan, Misri, juu ya kilima kinachotazama Mto Nile. Aliomba nchi mara mbili na mara zote mbili akanyimwa. Hatimaye fungu lake la ardhi ya Afrika likawa kaburi.